Mundu Juu ya Mlango

*Kwa Endubro mwana wa Biveyo, kikosi cha bonde letu, ng'ambo ya milima, kambini kando ya mto Reno. Kutoka kwa Mogetila. Siku ya nne kabla ya mosi Machi.*

Kaka, naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Naliweka kabla hata ya salamu, maana nikisalimu kwanza nitapoa, na nikipoa sitalisema tena. Ninapanda miti. Ninazipanda ulmu zetu mpaka juu kabisa, na mkononi nina mundu wa babu.

Haya, limeshatoka. Shikamoo. Hujambo na baridi ya huko? Sisi wazima. Mama anakusalimu, kikohozi kimemwachia tangu aanze kunywa maziwa ya moto na asali. Ng'ombe wetu Kandida amezaa dume lenye paji jeupe kama alilipaka mtu. Binti wa mjomba Vindo ameolewa huko Briksia, na kwenye harusi nilikaa nyuma ya pipa la divai hadi wageni walipoondoka. Unanijua.

Babu Esdraga ndiye asiyepona. Lile goti aliloliumiza kwenye ngazi ulipokuwa umeondoka tu halikunji wala halinyooki. Anakaa jikoni akitukana kuni.

Sasa jambo lenyewe. Babu peke yake ndiye anayejua, na wala sikumwambia, alinikamata. Vuli ile, baba alipokuwa juu bondeni kununua chuma, niliona mizabibu imejisokota kwenye ulmu kama nywele za mtu aliyelala vibaya, na hakuna wa kuipogoa. Nikautungua mundu juu ya mlango. Nilitaka kuushika tu, kaka. Nikajikuta kwenye tawi la tatu, na chini kuna sauti:

"Wewe hapo juu! Unapogoa mzabibu au unasuka nywele?"

Nilikaribia kudondoka. Babu alikuwa amejikokota na fimbo yake mpaka shinani.

"Nashuka, babu."

"Nimekuambia ushuke? Nimekuuliza unafanya nini. Hapo pa ufa ni pa mdomo, si pa kishoka! Huo mdomo uliopinda umepindiwa nini, kumbusu nani? Uingize kwenye ufa, uvute. Vuta! Mundu haupigi, mundu unavuta. Anayepiga ni askari."

Tangu siku hiyo, kila baba akisafiri, babu hukaa juu ya kikapu kilichopinduliwa chini ya ulmu na kunifundisha kwa matusi. Nimejua sasa kwamba chuma kile kimoja ni vyombo vingi. Karibu na mpini ni kisu, cha kuvutia kwako. Pale kinapoanza kupinda ndipo tawi linapokaa. Mgongoni kuna kishoka chake cha mwezi mchanga, cha kugonga kile kilichokufa, na ncha ni ya pale mkono usipofika. Babu akitaja moja, mkono wangu unageuka wenyewe kabla sijafikiri.

Juzi aliniuliza, "Umeshapatana na baba yako habari za kuni?" Unajua wapandaji wa kukodi wa kule tambarare, hawagusi mti mpaka waahidiwe kuni za kuwachoma na kaburi la kuwazika. Nikamjibu nikiwa juu, "Babu, mimi ni mwembamba, matawi haya haya yatatosha." Tukacheka mpaka mbwa wakabweka. Mimi, kaka! Mwalimu wetu Mgiriki pale kwa bibi mwenye shamba akiniita nisimame nisome, Kilatini na Kigiriki vyote viwili hunikimbia kama mbuzi waliomwona mbwamwitu. Lakini juu ya ulmu nina majibu.

Ndiyo maana nakuandikia. Jana baba alisema mezani: "Endubro asipoleta neno mpaka majani ya ulmu ya kulisha ng'ombe yavunwe, mundu unakwenda kwa Silvano." Desturi unaijua kuliko mimi: nyumba isiyo na mpandaji haining'inizi mundu mlangoni. Utapigiliwa kwenye mti wa mungu wetu Silvano, na ukishapigiliwa hakuna mkono wa mtu utakaoubandua. Na safu ya ulmu ataachiwa jirani yetu Sabineyo, ambaye ameshasema atazikata zote apande mizabibu mifupi ya vijiti, kama ya tambarare, ambayo hata mbuzi anaifikia.

Mwandikie baba. Mwambie mundu usipelekwe. Usinitaje. Mwanamke haruhusiwi hata kusimama karibu sadaka ya Silvano ikitolewa, sembuse kuukwea mti na chuma chake. Sema lolote, lakini mundu ubaki mlangoni.

Nasikia baba anafungua zizi. Nakikunja kibao hiki chembamba cha barua, nakificha.

Mdogo wako, Mogetila.

---

*Kwa Mogetila, binti wa Biveyo. Kutoka kwa Endubro. Katikati ya Mei.*

Salamu, mdogo wangu. Barua yako ilisubiri theluji iyeyuke milimani, ikanifikia imelowa pembeni, lakini maneno yako yote yalikuwa hai. Mimi mzima. Wasalimu mama, baba, na mzee wa matusi. Mwambie mama soksi zake zilifika na kila mtu hapa anazionea wivu. Huyo dume wa Kandida mwiteni Reno, ili siku nikirudi nimkute amekuwa mkubwa na mkorofi.

Wewe! Wewe uliyekuwa ukimkimbia jogoo wa shangazi! Nilipofika pale pa kupanda mpaka juu kabisa, nilicheka hadi mwenzangu wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Nikupe habari itakayompendeza babu. Majira ya baridi nyasi kavu za farasi ziliisha hapa kambini. Wapanda farasi walianza kuwalisha mabua ya mapaa. Nikawaambia: kwetu ng'ombe hawafi wakati miti imesimama. Nikawapeleka msituni kwenye ghala la wenyeji, kulikohifadhiwa matita ya matawi yaliyokatwa na majani yake wakati wa kiangazi, tukabadilishana nao kwa chumvi. Pale palipobaki miti yenye majani ya kijani tukaipogoa. Farasi walikula, wakapona. Sasa wananiita Mla Majani. Walianza kwa kunidhihaki, siku hizi wananiita hivyo wakiwa na shida. "Mla Majani, njoo utazame mti huu." Nami huenda na kifua mbele.

Kuhusu mundu. Hapana, Mogetila. Mundu ni wangu. Babu alinipa mbele ya baba siku niliyovaa nguo ya utu uzima, na wewe ulikuwepo, umejificha nyuma ya mlango. Nitarudi nikimaliza utumishi wangu, nami nitapanda nao. Mpaka hapo uning'inie. Wewe usipande tena. Ukianguka, mimi huku nitajibu nini?

Baba nitamwandikia asubiri.

Baridi ya Mei imewapiga? Na nani ameupaka mundu mafuta mwaka huu, maana babu hafiki juu ya mlango? Najua, najua. Usijibu.

Endubro.

---

*Kwa kaka Endubro. Kutoka kwa Mogetila. Siku ya pili kabla ya mosi Julai.*

Shikamoo kaka. Sote wazima. Reno ameshampiga teke baba, kwa hiyo jina limemkaa. Mama anafuma shuka jipya na kila akimaliza pembe moja anasema hii ni ya Endubro, kisha anaifumua kwa sababu haijamridhisha.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara naishia kwenye swali moja. Nani aliiandika? Maneno ni yako, jogoo wa shangazi namjua, lakini mwandiko si wako. Herufi zako hulala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Hizi zimesimama wima kama walinzi. Ulikuwa mgonjwa? Ulikuwa na haraka? Kama ulikuwa na haraka, karani wa nini?

Umeniambia nisipande. Nimekusikia. Nitakuambia ukweli wa kilichofuata, nawe uukasirikie ukipenda.

Baridi ilishuka Mei, siku ambayo hakuna aliyeitegemea. Asubuhi tulitoka nje, na mashamba yote ya upande wa mto yalikuwa meusi, machipukizi yananing'inia kama vitambaa vilivyoungua. Kwa Sabineyo hakikubaki kitu. Kwetu, kaka, kuanzia ulmu ya kwanza hadi ile kubwa ya mwisho wa safu, kila jicho la mzabibu liko hai. Baba alitembea safu nzima akiligusa hili na lile. Aliporudi alinawa mikono tu.

Jioni ile akauliza swali la kila mwaka. Unajua linavyoulizwa: mwenye nyumba huuliza, sote tunakana, yamekwisha, maana mafuta ya dubu yanayokinga mizabibu na baridi, akitajwa aliyeyapaka, nguvu yake imekwenda. Lakini miaka yote huuliza huku akicheka, na safari hii hakucheka.

"Nani ameupaka mundu mwaka huu?"

"Mimi nilikuwa nakoroga ugali," mama akasema.

"Mimi mguu huu hata mlangoni sifiki," babu akasema. "Labda panya."

Baba akanigeukia. "Na wewe?"

"Nilikuwa nasoma, baba."

"Nini?"

"Kigiriki."

"Basi hakuna aliyepaka."

"Hakuna," tukaitikia wote watatu. Baba akaendelea kunitazama huku kijiko kikiwa kimesimama hewani. Mimi nikaitazama sahani yangu kana kwamba imeandikwa kitu. Usiniulize nawe, kaka. Wewe mwenyewe umesema nisijibu.

Sabineyo amekuwa mchungu tangu siku hiyo. Juzi pale mpakani alimpigia baba kelele, mbele ya vibarua wake: "Biveyo, furahia mwaka huu! Nyumba yako imebaki na kiwete mmoja na msomaji mmoja. Majani ya ng'ombe nani atapanda kuyavuna? Kigiriki?" Vibarua wakacheka. Baba aliinama akaokota jiwe, akalitazama, akalirudisha chini.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo. Nilikuwa na jibu. Nikalibeba pamoja na ndoo mpaka zizini.

Kaka, siombi mundu kwa sababu nataka kuwa mwanamume. Huku chini, watu wakinitazama, najiona kama kitu kilichokosewa. Kule juu mkono wangu ukiuvuta ule mdomo na tawi likaja bila kuchanika, najua kwamba sikukosewa. Hilo tu. Barua yako kwa baba ilifika, akasoma, akasema: "Huyu anasema subiri. Hasemi anarudi lini. Kama haji, neno langu kwa Silvano limeshatoka." Ameahidi kwa kiapo kuupeleka siku usiku na mchana vinapolingana, baada ya kuvuna majani. Neno lililopewa mungu halimezwi.

Niambie kweli. Unarudi kupanda nao, au unataka tu ukungoje?

Na nani aliiandika barua yako?

Mogetila.

---

*Kwa Mogetila. Kutoka kwa Endubro. Mosi Agosti.*

mdogo wangu salamu

usicheke mwandiko. hii ni mkono wa kushoto. ng'ombe wangu sasa hawajalala, wamekufa.

karani aliandika ile ya kwanza kwa sababu sikutaka muone hivi. ilikuwa januari. tulikuwa msituni tunakata matawi ya farasi yaliyoganda. mundu wa jeshi ni chuma kilichonyooka, hauna mdomo, hauna pa kuvutia, hivyo unaupiga kama shoka. niliupiga. ukateleza juu ya barafu. vidole vitatu vya kulia. babu alikuwa akiniambia nini hata mimi? anayepiga ni askari. nililisikia lile neno likisemwa na sauti yake hasa, nikiwa nimekaa kwenye theluji.

ulipouliza kuhusu mundu nilisema ni wangu. sikusema hivyo kwa kuwa nitapanda nao. nilisema kwa kuwa sina tena mkono wa kuushika, na nilikuwa sijamwambia mtu, hata mwenyewe nilikuwa sijajiambia.

usinihurumie. sikiliza. mhunzi wa kambi alikuja na makaa, nikamchorea ardhini kwa kijiti mundu wa kwetu, na mdomo wake, na ule mwezi wa mgongoni. alifua mara nne akakosea, ya tano akapata. sasa kikosi kizima kinakata kwa miundu ya bondeni kwetu na mimi nasimama chini nawatukana. vuta, mbwa wewe, usipige. wakubwa wanakuja kutazama. nimekuwa babu na sijafika miaka thelathini.

mundu ni wako mogetila. nimemwandikia baba pia, kwa msafara mwingine. habari ya vidole mama asijue mpaka nimwambie mwenyewe.

panda. na usipige.

endubro

---

*Kwa kaka Endubro. Kutoka kwa Mogetila. Siku ya nane kabla ya mosi Oktoba.*

Kaka yangu, shikamoo, tena shikamoo. Barua yako ilifika na mchuuzi wa chumvi. Nimeisoma zizini, nimelia juu ya shingo ya Kandida, kisha nikaikunja nikaifunga kiunoni ndani ya mshipi. Vidole sijavitaja. Mama mzima. Shuka limeisha, halijafumuliwa. Babu anasema ana maumivu mapya kila siku, kwa hiyo ni mzima. Baba tangu mwezi uliopita anachonga mpini wa mti mgumu barazani, anauchonga, anaushika, anatikisa kichwa, anauchonga tena. Mama alimtania: "Mpini gani huo, wa mwiko?" Akajibu, "Wa jembe." Sijaona jembe la kuuingia.

Barua yako kwa baba haijafika mpaka leo. Naandika hivyo ili ujue kwamba yaliyotokea yametokea bila yeye kuiona.

Mwaka huu jua lilichoma malisho yote. Nyasi kavu tulizopata hazitavusha ng'ombe hata nusu ya baridi, kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya majani ya ulmu. Baba alikodi wapandaji wawili kutoka tambarare. Walivuna miti midogo. Jana wakafika kwenye ile kubwa ya mwisho wa safu, yenye majani ya kulisha zizi zima. Wakainua vichwa, wakainua zaidi.

"Mzee Biveyo," mmoja akasema, "hapa tunataka kuni na kaburi."

"Mnazo. Nimewaahidi."

"Basi tunataka na mtu mwingine wa kupanda."

Sabineyo alikuwa ameegemea ua wake. Alicheka mpaka akajifuta macho. "Biveyo! Ukiikata kesho nitazinunua hata kuni zake!"

Mundu ulikuwa chini, kwenye kikapu. Niliweka ndoo. Miguu yangu ilitetemeka, kaka, ilitetemeka vibaya, kila mtu akiwa ananitazama, na barua yako ilikuwa inanikwaruza kiunoni. Nikauchukua mundu, nikaupachika mgongoni kwenye mshipi kama babu alivyonifundisha, nikashika ngazi. Nyuma yangu mama akasema, "Mogetila?" kama mtu anayemwita mwingine. Babu akasema, "Nyamaza, mwanamke, utamtoa hesabuni."

Nilipopita tawi la tatu miguu ikaacha kutetemeka. Ikaacha tu, kama mvua inavyoacha.

Sitakueleza kila tawi. Wewe unajua. Nilianza kileleni, nikashuka nikiacha machipukizi ya mwakani, nikivuta. Hakuna hata moja lililochanika. Majani yalianguka mpaka chini pakawa kijani, na Reno akakata kamba akaja kula kabla hayajafungwa matita. Na mahali fulani katikati nikasikia mtu anaimba ule wimbo wa wakata majani, kwa sauti kubwa, hadi mlima unaitikia. Nilikuwa nimeshafika ubeti wa pili nilipogundua ni mimi.

Nilipokanyaga ardhi wale wa tambarare walikuwa wamevua kofia. Sabineyo ndiye aliyeanza.

"Ama kweli, Biveyo. Nyumbani kwako hakuna mwanamume?"

Baba akajibu bila kugeuza kichwa: "Kuna mpogoaji."

"Lakini ni msichana!"

"Umeniuliza kwangu kuna nani. Nimekujibu."

Kisha akanyoosha mkono, nikampa mundu. Akaugeuza juani, akapitisha kidole gumba mgongoni mwa mwezi, halafu akausogeza puani, akaunusa. Taratibu, kama mtu anayenusa mkate. Akanitazama. Nilijua anajua. Naye alijua kwamba hawezi kusema, wala mimi siwezi, kwa ajili ya mizabibu ya mwakani. Tukatazamana hivyo. Akanirudishia mundu, mpini ukiwa upande wangu.

Hilo lilikuwa jana, na jana nilikuwa na furaha ambayo haina jina katika Kilatini wala Kigiriki. Lakini usiku wa kuamkia leo baba alisema tu, "Kesho nakwenda kwa Silvano. Neno langu limetoka." Asubuhi alfajiri aliutungua mundu juu ya mlango, akaufunga kwenye kitambaa, akampandisha babu juu ya punda, akachukua nyundo. Na misumari, kaka. Nilihesabu misumari. Mimi na mama hatuwezi kufika kule, tukabaki.

Nimekaa chumbani nikikuandikia tangu hapo, nikijiambia kwamba hata mundu ukipigiliwa, nilipanda, na hakuna msumari wa kupigilia hilo. Ni kweli. Lakini kila nikitazama pale juu ya mlango, pale palipo wazi, naihesabu misumari upya.

Ngoja. Babu amerudi wa kwanza. Namsikia anamtukana punda.

Kaka, nisikilize, naandika haraka. Babu ameingia hapa na fimbo yake, amekaa kitandani kwangu bila kuombwa, anacheka hadi goti linamuuma. Anasema baba alisimama mbele ya mti wa Silvano akafunika kichwa, akasema hivi: "Silvano baba, nilikuahidi mundu wa baba zangu. Chuma tumekinoa vizazi vyote, kila mmoja amekipunguza, kila mmoja amekifanya chake. Lakini mpini haukubadilika. Mpini ndio ulioshikwa na baba yangu, na baba yake, na wa kabla yake. Mpini ndio wao. Huu hapa." Akagonga chuma kikachomoka, akaupigilia mpini mtupu kwenye mti.

"Na mungu akasema nini?" nikamuuliza.

"Mungu wa miti amepewa mti, atasema nini? Lakini baba yako mwoga. Ameongeza na mtoto wa nguruwe, Silvano asije akaona amepunjwa."

"Na chuma kiko wapi, babu?"

"Kina mwenyewe mwingine," akasema, akanifinya shavu, akatoka akiita chakula.

Sasa nasikia hatua za baba uani. Nazijua, ya kulia nzito kuliko ya kushoto. Kila nilipozisikia mwaka huu wote, vibao hivi ninavyokuandikia vilikwenda chini ya godoro, na wino ukachafua shuka, na mama akashangaa. Zinakuja mlangoni. Zimesimama. Kuna kitu kinagonga mwimo, chuma juu ya jiwe, mara moja, na mpini mwembamba mweupe, ule wa barazani, unachungulia hapa nilipo kabla ya baba.

Kibao hiki kiko mezani, kaka. Nakiacha hapa hapa. Baba anajua kusoma.

Mogetila, mpogoaji.